Land Rover 110 pikapu: kutoka fultaimu kwenda patitaimu

Pikapu yangu ni Land Rover Defender 110, injini 300Tdi, na kama 110 karibu zote ilitoka kiwandani ikiwa fultaimu, yaani matairi yote manne yanavuta muda wote upende usipende. Kazi yake ni vitunguu. Msimu ukifika inapanda kutoka Mang'ola kule ziwa Eyasi mpaka Karatu kwa vumbi, afu Karatu inashika lami mpaka Arusha, inarudi na mbolea, mipira ya kumwagilia, na watu. Ukiipigia hesabu hiyo njia nzima, sehemu kubwa ni lami. Foo wili, yaani matairi manne kuvuta pamoja, inahitajika kweli kwenye kipande cha Mang'ola mvua zikishuka na huko mashambani kwenyewe, basi. Nyuma ya usukani nilikuwa nasikia propela ya mbele (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu mbele) inazunguka bure, kros zake za kuungia zinaliwa, difu ya mbele, ile inayogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia, inavujisha, na kila nikitoa mguu kwenye mafuta afu nikaurudisha kulikuwa na ule mlio wa "klak" ambao kila mwenye Defender ya umri huo anaujua. Ndo nikaamua kuibadilisha iwe patitaimu, ya kuchagua, kama ilivyo mikonga ya Toyota, zile Land Cruiser.

Naandika kwa urefu kwa sababu ukienda gereji nyingi ukasema unataka hiyo kitu unapewa jibu moja tu: chomoa propela ya mbele, funga loki, tembea. Na gari inatembea kweli. Mi sikubaliani na hiyo njia hata kidogo na nitaeleza kwa nini, ila inabidi kwanza tuelewane fultaimu yenyewe inafanyaje kazi, maana nimekutana na watu wanaendesha 110 miaka mingi na wanaamini ile loki ya kwenye gia fupi ndo inawasha foo wili. Hapana. Foo wili imeshawaka toka unapiga stata.

Ndani ya transfa ya 110 (boksi la nyuma ya gia boksi linalopeleka nguvu mbele na nyuma), ile inayoitwa LT230, kuna difu ndogo katikati. Kazi yake ni kugawa nguvu mbele na nyuma na wakati huohuo kuruhusu propela mbili zizunguke kwa spidi tofauti, kwa sababu ukikata kona matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Bila hiyo difu, kwenye lami kavu gari inajikaza, stelingi inakuwa nzito na chuma kinaanza kupigana na chuma. Loki inachofanya ni kuikamata hiyo difu ya kati isizunguke tena, mbele na nyuma vinakwenda sawasawa, na hiyo unaitaka kwenye tope na mchanga tu. Ukiwa kwenye tope bila loki, tairi moja tu likipoteza mshiko nguvu yote inakimbilia huko, matairi matatu yanakaa kimya moja linachimba.

Mfumo huu ulitoka kwenye Range Rover ya mwaka 1970, timu ya Spen King ndo iliyouweka, na sababu moja kubwa ilikuwa ya kiufundi kabisa: ukigawa nguvu ya injini ya V8 kwenye ekseli mbili, kila ekseli inabeba mzigo mdogo na huhitaji kuitengeneza nzito sana. Land Rover One Ten ilivyotoka 1983 na springi za koili ikarithi mambo hayo. Wengi hawajui kwamba mwanzoni kabisa ungeweza kuiagiza One Ten ikiwa ya kuchagua, lakini haikuuzika wakaiondoa 1984. Kwa hiyo ninachofanya mimi kiwanda chenyewe kiliwahi kukiuza. Ila kumbuka hilo la kugawa mzigo, tutalirudia.

Sasa njia ya gereji. Ukichomoa propela ya mbele bila kufunga loki gari haiendi popote, unaweka gia unaachia klachi na ile difu ya kati inatuma nguvu yote pale mbele ambapo hakuna kitu. Ukifunga loki inaondoka. Tatizo liko ndani. Loki ya LT230 inaunganisha shafti ya kutokea mbele na bodi ya ile difu ya kati. Nguvu ya kwenda nyuma bado lazima ipite kwenye spaida, zile gia ndogo za ndani ya difu hiyo. Na sasa spaida hazizunguki, zimesimama palepale, jino lilelile na lingine lilelile yanabeba nguvu yote ya injini ambayo zamani ilikuwa inagawanywa, na kila ukitoa mguu na kurudisha yanapigwa palepale. Pikapu yenye mifuko ya mbolea inayopanda ukingo wa bonde la ufa pale juu ya Mto wa Mbu, fikiria hayo meno. Spaida na washa zake ndo vitu vya kwanza kuchoka kwenye hiyo difu hata kwenye matumizi ya kawaida, wewe unaziongezea kazi ambayo hazikutengenezewa. Tena umebaki na gari ya matairi mawili yenye uzito wa foo wili, mvua ikikukuta Mang'ola propela yako iko stoo nyumbani.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wameitumia na si mbaya sana: unaacha propela mahali pake, unanunua fri wili za kufunga kwenye habu za mbele, kama AVM, ambazo unazungusha kuunganisha au kutenganisha tairi na shafti yake, afu unatembea loki ikiwa imefungwa muda wote. Ukifungua fri wili matairi ya mbele hayavuti, ukizifunga una foo wili. Haina kushusha transfa, mchana mmoja umemaliza. Lakini spaida ziko kwenye shida ileile niliyosema, na kuna mtego mwingine, ukisahau ukafungua loki wakati fri wili ziko huru gari inasimama katikati ya barabara, injini inanguruma na hakuna kinachosogea. Dereva wako asiyejua atadhani klachi imekufa.

Njia kamili ni ya tatu na ndo niliyoifanya. Kuna watengenezaji wadogo wa nje wanauza kiti (seti ya vipuri) ya LT230, ambayo kiini chake ni kipande cha chuma kigumu kinachokaa mahali pa spaida. Kinafunga bodi ya ile difu moja kwa moja na shafti ya kutokea nyuma, na shafti ya mbele inabaki inaelea mpaka uivute ile gia fupi. Kwa hiyo gia iliyokuwa ya loki sasa inakuwa ya kuchagua: upande mmoja matairi mawili, upande mwingine manne. Hata ile taa ya loki kwenye dashibodi inaendelea kufanya kazi, ila sasa inamaanisha foo wili imeingia. Spidomita haisumbuki kwa sababu inachukua mzunguko pale pa kutokea nyuma. Na mbele kwenye habu unatoa flanji za kawaida, zile za bolti tano zinazounganisha tairi na saidi shafti (shafti inayotoka kwenye difu), unaweka fri wili.

Fundi niliyemtumia ni mtu mzima, ameshika Land Rover toka zile za springi za majani, na alipokiona kile kipande akakigeuzageuza mkononi akaniambia, "Bosi, hii nimeielewa, ila tusifungue kwa haraka, tukishusha transfa tuangalie kila kitu." Na hapo ndo panapotenganisha kazi nzuri na kazi ya kulipua. Kuna watu wanajaribu kufanyia chini ya gari transfa ikiwa bado juu. Mi nasema ishusheni, wekeni mezani, osheni kwanza na dizeli kabla ya kufungua bolti yoyote, kwa sababu mchanga wa Eyasi uko mpaka kwenye nyuzi za bolti.

Transfa ikishatoka unaona kitu ambacho huwezi kukiona siku nyingine yoyote, nacho ni splaini (mifereji ya meno) za shafti ya gia boksi pale zinapoingia kwenye gia ya kwanza ya transfa. Hii ni sehemu mbaya kwenye gari zenye gia boksi ya R380 za miaka ile kwa sababu oili haifiki vizuri, splaini zinatembea kavu, zinatoa kutu nyekundu na zinaliwa pole pole mpaka siku moja gari inakataa kwenda. Baadaye walitoa gia yenye matundu yaliyotobolewa ili oili ipite, na kama yako bado ni ile ya zamani, huu ndo wakati wa kubadilisha maana kazi ya kushusha umeshailipia. Angalia pia shafti ya kati, pale mbele na nyuma ina oringi ambazo zikichoka ndo zinatoa lile tone la oili lisiloisha chini ya kila Land Rover, weka mpya. Na beringi za hiyo shafti zina kipimo cha kukaza, kuna spesa inayobonyea, ile ikishabonyezwa haitumiki tena, nunua nyingine. Fundi akikwambia "hii bado nzima turudishe" mwambie hapana kwa upole na umpe mpya mkononi. Ukirudisha juu, oili ni EP90, lita 2.3 hivi, jaza mpaka itoke kwenye tundu la levo gari ikiwa imesimama sawa.

Spaida zangu zilipotoka zilikuwa zimeliwa na washa zimekuwa nyembamba. Hapo nikaelewa ule mlio ulikotoka, na nataka msomaji alishike hili vizuri: sehemu kubwa ya raha unayoisikia baada ya kubadilisha inatokana na kuondoa vitu vilivyochoka. Kama ningenunua difu ya kati mpya nikabaki na fultaimu, klak ingepungua vilevile. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeweka patitaimu gari imekuwa mpya", muulize na kros alibadilisha? Na beringi? Usitoe hela ya kiti ukidhani ndo dawa ya plei (ulegevu wa vyuma) yote, plei ya Defender inatoka sehemu nyingi, mpaka kwenye flanji za saidi shafti za nyuma.

Barabarani sasa. Stelingi imekuwa nyepesi kidogo, sakafu imetulia kwenye spidi ya lami, mtetemo wa propela ya mbele umeisha. Mafuta, nitakuwa mkweli, tofauti ni ndogo, mtu anayekuahidi nafuu kubwa ya dizeli anakudanganya. Unachoacha kuzungusha ni propela moja, difu moja na saidi shafti mbili, lakini bado unasukuma lile kabati zima la bati dhidi ya upepo na mzigo uko palepale. Faida yangu mimi naiona kwenye spea za mbele ambazo sasa zinapumzika njia nzima ya lami, na kwenye matairi. Zamani ukiweka matairi mapya nyuma na yaliyochakaa mbele ile difu ya kati ilikuwa haipumziki, kwa sababu mzunguko haulingani. Sasa kwenye lami haina shida. Kwenye foo wili shida inarudi na ni kubwa zaidi maana difu ya kati haipo kabisa, kwa hiyo saizi moja kote kama unaingia porini, hilo halibadiliki.

Tuje kwenye hasara, na hapa naomba mtu asiruke. Ile kugawa mzigo niliyosema, umeipoteza. Nguvu yote inapita nyuma. Kwenye 110 ya umri wangu mimi nyuma kuna ekseli ya Salisbury, ni nzito na imara, naiamini. Kama una 90, ile Defender fupi, ekseli yake ya nyuma ni ile ndogo ya Rover, mimi binafsi ningefikiria mara mbili. Na ile lo, gia nzito, sasa inawezekana kuitumia kwa matairi mawili. Ni tamu sana ukiwa unarudisha nyuma gari yenye mzigo kwenye sakafu ngumu pale sokoni. Lakini lo ya LT230 inazidisha nguvu mara 3.32, ukiiweka kwenye mlima ukiwa na mzigo na mbele kumelala, saidi shafti za nyuma zinabeba peke yao kitu ambacho kilipangwa kibebwe na ekseli mbili. Kwangu sheria ni moja, lo na mzigo na mlima, foo wili iwe imeingia na ardhi iwe ya udongo.

Hasara ya pili ni mvua kwenye lami. Huku kwetu barabara inayoshuka kutoka Rhotia kwenda Mto wa Mbu ina kona kali na ukungu na manyunyu mara nyingi. Fultaimu inashuka hapo imetulia, matairi manne yanashika, na ukipunguza gia injini inabana kwa matairi yote manne. Sasa hivi injini inabana nyuma tu. Pikapu ikiwa tupu mkia ni mwepesi, ukipunguza gia kwa pupa kwenye lami yenye utelezi nyuma inaweza kuhama. Na huwezi kusema basi nitaweka foo wili hapo, kwa sababu difu ya kati haipo, kwenye kona za lami gari itajikaza. Kwa hiyo nashuka pole pole kuliko zamani, na nikishuka tupu naacha mifuko kadhaa ya mchanga nyuma. Kama maisha yako yote ni barabara za milimani zenye mvua, Lushoto, Njombe, Mbeya kule juu, mimi naona baki na fultaimu yako na uitunze.

Ya tatu ni hendibreki, na hii inaweza kuua mtu. Hendibreki ya Defender haiko kwenye matairi, iko kwenye transfa, inakamata propela ya nyuma. Ukipiga jeki tairi moja la nyuma, difu ya nyuma inaruhusu lile lililo chini lizunguke na lile la juu lizunguke kinyume, gari inaondoka kwenye jeki hendibreki ikiwa imevutwa. Zamani tulikuwa tunafunga loki kabla ya jeki na mbele kunakamatwa pia. Sasa kufunga ile gia fupi peke yake hakusaidii kitu kama fri wili ziko huru. Funga fri wili zote mbili, weka foo wili, na juu ya hapo weka mawe kwenye matairi ya mbele. Utingo wangu nimemwambia hili mpaka analisema mwenyewe kabla sijafungua mdomo, na wewe mwambie wako.

Kuhusu matumizi ya kila siku, fri wili ni za mkono, unashuka unazungusha, na zote mbili lazima ziwe sawa, ukifunga moja tu difu ya mbele itatuma nguvu kwenye ile iliyo huru na hupati kitu. Mimi nazifunga Karatu pale lami inapoishia, hata kama naona kumekauka. Fri wili zikiwa zimefungwa na gia iko kwenye mawili gari haijikazi, mbele kunazunguka tu na matairi, na ukifika kwenye tope unavuta gia ukiwa ndani huku unatembea taratibu na umenyoosha usukani. Ukisubiri mpaka umezama ndo ushuke kufunga, utafunga ukiwa umepiga magoti kwenye matope. Na usivute ile gia ukiwa kwenye mwendo wakati fri wili ziko huru, kwa sababu propela ya mbele imesimama na ya nyuma inazunguka, meno yatasagana. Simama kwanza.

Kiangazi chote usiziache huru moja kwa moja. Kule ndani ya yale maboli ya chuma ya kukatia kona kuna joiti zinazopata ulainisho kwa kuzunguka, na beringi ya juu inategemea oili inayorushwa, zikikaa miezi bila kuzunguka zinakauka na kushika kutu. Zifunge mara moja moja utembee kipande cha barabara gia ikiwa kwenye mawili, inatosha.

Wenye Defender za baadaye za injini ya Td5, zenye ABS na mfumo wa kuzuia tairi lisiteleze, haya yote niliyoandika ni ya gari isiyo na kompyuta kwenye breki. Msinunue kiti kabla hamjapata jibu la muuzaji kuhusu gari yenu hasa, ile mifumo inasoma mizunguko ya matairi na inatarajia difu ya kati iwepo.

Mwisho, zile flanji za zamani usimpe fundi wala usiuze chuma chakavu. Zangu ziko chini ya siti ya abiria, zimefungwa kwenye gunia na bolti zake kumi, gasketi mbili, seklipu na bomba la grisi. Fri wili ina springi na meno madogo ndani, siku ikivunjika uko katikati ya mashamba unafungua bolti tano, unarudisha flanji, na upande huo umekuwa kama ulivyotoka kiwandani. Foo wili unaendelea kuipata kwa gia fupi, ukifika lami unairudisha kwenye mawili, na safari ya Arusha inaendelea na mzigo wako.